Damu ya Wafula Ilipokuwa Hainijui Bado

Haya, kina mama wa jumuiya, mmeshinda. Tangu nirudi sijanywa kikombe cha chai kikafika mwisho. "Mwalimu, hebu tuambie, huko India kulikuwaje?" Mama Brayo anataka habari za chakula, Mama Hafsa wa duka la nguo anataka kujua kama nilivaa sari, na wengine wenu, nawajua, mnataka tu kuhakikisha kama ni kweli nilinyolewa kichwa. Nilinyolewa. Nimeona niandike mara moja, msome, mpokezane, mniache nipumzike. Mambo ya viza na tiketi siyaandiki. Hayo yalimkondesha mume wangu, Baba Sharon, mwulizeni yeye. Mimi naandika njia tuliyopita, na naiandika kwa sababu naikumbuka mno. Mtu atasema nimerukwa na akili, kuwa na hamu ya mahali nilipokaribia kufia. Lakini ndivyo ilivyo.

KITENGELA HADI KAJIADO

Mnakumbuka nilivyoanza kuchoka. Nilikuwa nafundisha nimeketi, mimi ambaye wanafunzi walisema nina macho kisogoni. Nikawa na alama za michubuko mikononi bila kugongwa na kitu, mpaka walimu wenzangu wakaanza kumtazama Baba Sharon vibaya, maskini ya Mungu. Kumbe ni saratani ya damu. Dawa za Nairobi ziliilaza, lakini daktari alisema wazi kwamba imelala tu, itaamka. Tumaini langu lilikuwa kupandikizwa uboho wa ndugu, ule ulio ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Ndugu zangu wote walitolewa damu kidogo ikapimwa. Aliyelingana nami alikuwa mmoja tu, kitinda mimba wetu, Wafula.

Jambo kama hilo humwambii mtu kwa simu. Nikashika barabara ya Namanga siku ya soko la mifugo. Nilipohamia Kitengela, kutoka hapa hadi Kisaju ilikuwa nyasi tupu, na asubuhi pundamilia walikuwa wanavuka barabara kwa madaha kama wenye mji. Siku hizi ni seng'enge na vibao vya "shamba hili haliuzwi." Kisaju tulisimama muda mrefu, kondoo wa mtu walikuwa wamelala barabarani na mwenyewe alikuwa ng'ambo anakunywa chai. Dereva alipiga honi hadi akachoka. Mimi nilifurahi. Sikuwa na haraka ya kwenda kumwomba mtu mifupa yake.

Wafula alizaliwa kwetu Bungoma. Mama aliugua mapema, kwa hiyo mtoto huyo nilimlea mimi. Nilimbeba mgongoni mpaka mgongo wangu ukamzoea, nikawa naona baridi akitoka. Alipokuwa mkubwa alikuja kunitembelea Kitengela, akaenda Kajiado siku moja kuona mnada wa mbuzi, na hakurudi. Akawa mchuuzi wa mifugo, akamwoa Naserian, akajifunza Kimaasai. Watu wa sokoni humwita Ole Wafula kwa kumtania, naye anaitika bila aibu.

Nilimkuta ameinama, anampapasa mbuzi mgongo.

"Dada! Mbona umekonda hivi?"

"Nimekuja kukuomba kitu."

"Kama ni mbuzi, chagua. Hata huyu."

"Si mbuzi. Vile vipimo vimerudi. Wanataka uboho wako."

Akautazama upande wa bucha, mahali nyama zilikuwa zimening'inizwa, kisha akajitazama miguu. "Wa mguu gani?" akauliza. Nikadhani ni mzaha wake wa kawaida. Nikamwambia aache ujinga. Akasema, "Sawa, Dada. Twende Naserian akupikie chai." Hakuuliza lingine. Yeye huwa anaomba punguzo hata la kiberiti, lakini kwa jambo hili alikubali papo hapo.

Nyumbani kwake nilimkuta Koko, bibi yake Naserian, mama mrefu mwenye macho yaliyofifia na ulimi ambao haujafifia hata kidogo. Nilimsalimu, "Takwenya, Koko." Akaitikia, "Iko," akanishika kifundo cha mkono, akatikisa kichwa. Kisha yeye na Wafula wakaongea Kimaasai kwa muda, Koko akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na gome la mti, akaanza kulikatakata ndani ya sufuria. Sikuuliza. Mgeni haulizi sufuria ina nini.

UWANJA WA NDEGE

Wafula alifika na begi moja na fimbo.

"Fimbo ya nini?" nikamwuliza.

"Ya kurudia."

"Kurudia wapi?"

"Dada, wewe twende tu."

Fimbo ilikataliwa kuingia naye ndani ya ndege, ikabidi ifungwe na mizigo. Kisha begi lake likafunguliwa na askari mmoja kijana. Ndani yake palitoka furushi la magome limefungwa kwa gazeti, linanuka moshi.

"Hii ni nini, mzee?"

"Hiyo ni supu."

"Supu iko wapi?"

"Si bado haijapikwa."

Walimwita mwenzao, mwenzao akamwita mkubwa wao, mkubwa akawa Mmaasai wa Kajiado. Alinusa gome, akamtazama Wafula juu mpaka chini, wakasalimiana, wakacheka, wakaongea kidogo, na furushi likarudi begini. Nilimwuliza Wafula walisema nini. Akasema, "Ati ananitakia vita njema." Sikuelewa, na ndege ilikuwa inatungoja.

MAHALI PA KUNGOJA

Ndege ya pili ilichelewa. Tulikaa katika uwanja mmoja mkubwa wa Uarabuni kuanzia asubuhi hadi jua likaelekea kutua, mimi na maski yangu, Wafula na viatu vyake vilivyombana. Chai yao ilikuwa maji ya moto na kijifuko. Wafula aliitazama akasema, "Hii ni chai ama wameosha majani?"

Karibu nasi aliketi mzee mmoja wa Garissa na mkewe. Walitusikia tukiongea Kiswahili, wakasogea. Mkewe akatupa tende na sambusa alizofunga kwenye karatasi, akakataa kabisa tukatae. Mzee alikuwa anaenda kukaguliwa figo aliyopewa na dada yake. Simu yake ililia, akatoa vidonge, akavimeza kwa heshima kama mtu anayesali.

"Hizi ndizo zinalinda figo ya dada yangu," akaniambia. "Zinafanya mwili wangu usiione kama mgeni. Nilifika nyumbani, watu wakaniambia, Hajji, dawa hii inashusha kinga, iache, kunywa supu, kunywa asali, kinga ipande juu. Nikaiacha. Wallahi kidogo nipoteze figo. Mwalimu, wakikuambia kinga iko chini, sema ndio iko chini, mimi mwenyewe ndiye nimeishusha, ndani niko na mgeni."

Niliyashika maneno hayo. Wafula hakuyasikia, alikuwa ameenda kutafuta mahali pa kuvua viatu.

NYUMBA YA AMMA

Mji ulikuwa kusini mwa India, una joto la kukutoa jasho ukiwa umekaa. Tulipangishwa vyumba viwili juu ya nyumba ya mama mmoja mjane ambaye kila mtu alimwita Amma. Hakujua Kiingereza wala Kiswahili. Wafula naye aliamua kwamba ukimwambia mtu Kiswahili kwa sauti ya juu mwishowe ataelewa. Basi asubuhi nilikuwa naamshwa na wao wawili wakiongea kwa makelele uani, kila mmoja kwa lugha yake, na wanasikilizana kabisa.

Mama Brayo, hapa ndipo chakula chako. Asubuhi Amma alitupa chapati nyembamba ya unga wa mchele uliochachuliwa, imekauka pembeni, na mchuzi wa dengu wenye majani fulani yanayokaangwa mpaka nyumba nzima inukie. Mpaka leo nikikaanga vitunguu hapa Kitengela nasimama nikingoja harufu ile, na haiji. Wafula alikula kila kitu lakini alilalamika kila siku. "Mchele asubuhi, mchele mchana, mchele jioni. Dada, hawa watu waliudhiwa na ugali?" Siku moja alimfundisha Amma kusonga ugali kwa unga wa mahindi aliopata mahali. Amma alionja, akafikiri, akautia sukari. Wafula karibu alie.

Na ng'ombe! Ng'ombe walitembea mjini bila mchungaji. Wafula alikuwa anasimama mlangoni anashika kiuno. "Huyu ni wa nani? Na yule? Haki ya Mungu, hakuna mwenyewe?" Asubuhi moja akashindwa kuvumilia, akamwendea ng'ombe mmoja mwekundu, akampapasa mgongo, akambonyeza mbavu, akamfungua mdomo kutazama meno, kama wafanyavyo Kajiado siku ya soko. Watu wakakusanyika. Nilidhani watampiga. Kumbe wamedhani ni daktari wa mifugo! Kesho yake wazee wawili walikuja kwa Amma na ndama anayeharisha. Wafula akamtibu kwa chumvi na sukari, ndama akapona, na kutoka hapo mtaa mzima ukawa unamwamkia.

Jioni aliteremka jikoni kwa Amma kuchemsha gome lake. Alikunywa kikombe, uso umekunjamana, mishipa ya shingo imemtoka. Aliponikaribisha nilikataa, nikamwambia daktari ameniwekea sheria. "Sawa," akasema, "mimi ndio natakiwa kuinywa hata hivyo."

Naikumbuka nyumba ile. Tangu nilipoolewa sikuwa nimekaa chini ya paa moja na ndugu yangu zaidi ya siku za matanga. Pale tulikaa kama zamani, tunagombania blanketi, tunamsengenya marehemu shangazi.

CHUMBA CHA KIOO

Daktari wetu alikuwa mama mfupi mwenye miwani, asiyependa kuzungusha maneno. Alituketisha wote wawili akaeleza.

"Kwanza tutauchoma uboho wako wa zamani kwa dawa kali. Kisha tutakupa wa ndugu yako. Lakini ndani ya uboho wake kuna seli zinazoitwa seli T. Kazi yao ni kumtambua mgeni na kumpiga. Zikiingia kwako, mgeni ni wewe. Ngozi yako, tumbo lako, ini lako. Seli ikikugusa, ishara inapita ndani yake, inaamka, inaita wenzake, wanashambulia."

"Si mziondoe zote?" nikauliza.

"Tukiziondoa zote, nani atapigana na saratani iliyojificha? Tunazihitaji. Kwa hiyo tutakupa dawa inayoikata ile ishara njiani. Seli ziko, lakini haziambiwi zipige. Zikae nawe zikuzoee. Zikishakuzoea, tutapunguza dawa polepole mpaka tuiache."

"Na zisiponizoea?"

Hakunificha. "Kuna watu wanaopona saratani wakauawa na damu ya ndugu yao."

Kiingereza kile Wafula alikisikia nusu, nusu nikamtafsiria. Jioni nikamsikia anamweleza Koko kwa simu, akichanganya Kimaasai na Kiswahili kwa ajili ya Naserian aliyekuwa pembeni. "Ni kama mbuzi amefiwa, unamletea mtoto wa mwingine. Si atamnusa ampige? Unamfunga kamba. Mtoto ananyonya, mama amefungwa, siku zinaenda, anamzoea. Siku moja unafungua kamba, unaangalia kama atampiga. Hiyo dawa ndio kamba." Nimefundisha sayansi maisha yangu yote na sijawahi kueleza kitu vizuri hivyo, wacha nikubali.

Siku ya kumtoa Wafula uboho ilipofika, alivaa suruali fupi. Alikuwa ameshachomwa sindano siku kadhaa za kuufanya uboho uingie kwenye damu, na mifupa ilikuwa inamuuma. Muuguzi akamwambia alale, akamshika mkono atafute mshipa. Wafula akauvuta mkono wake, akanyoosha mguu wa kushoto. "Huu," akasema. "Wa kulia nitauhitaji sokoni."

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha magurudumu kando. "Wafula, wanatoa kwa mkono. Kwenye damu."

"Hawavunji?"

"Wavunje nini?"

"Mfupa. Dada, uboho unatolewaje kama si kuvunja mfupa? Mimi nimevunja ya mbuzi maisha yangu yote."

Ndugu zangu, mnaelewa? Mtu huyu alitoka Kajiado akiamini anaenda kuvunjwa mguu. Ndiyo maana ya fimbo. Ndiyo maana ya "wa mguu gani." Aliagana na Naserian, akapanda ndege, akapapasa ng'ombe wa watu, akala mchele, na muda wote huo alikuwa anangoja shoka. Hakuniuliza hata siku moja kama itauma. Nililia mpaka muuguzi akadhani nimezidiwa, na Wafula naye akawa ananikemea, "Sasa unalia nini na mguu uko?"

Uboho wake uliingia mwilini mwangu kwa mfuko mmoja mdogo, mwekundu uliopauka. Nilidhani nitahisi kitu. Nilihisi usingizi.

Chumba changu kilikuwa na dirisha kubwa la kioo. Wafula hakuruhusiwa kuingia, alisimama nje tukaongea kwa simu, uso kwa uso. Mambo yalienda vizuri. Damu ikaanza kupanda. Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza. Kisha asubuhi moja viganja vikaanza kuwasha kama nimekata pilipili. Mchana nyayo. Kesho yake masikio, kifua, vyote vyekundu, na tumbo likafunguka halifungiki. Daktari aliponitazama viganja, tabasamu lilikuwa limekwisha. "Zimeamka," akasema.

Wafula akaja dirishani. Aliniona, akageuka akaondoka. Alirudi baadaye macho mekundu, akainua simu.

"Dada, ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Ile supu." Akaegemeza paji la uso kwenye kioo. "Koko aliniambia damu inaenda kwa mgonjwa lazima iende ikiwa kali. Ni gome ya morani, wale vijana wa vita. Wanakunywa porini wakila nyama, mtu anapata ukali mpaka anatetemeka. Nimekunywa tangu Kajiado. Nimekunywa mpaka asubuhi ya sindano. Nilitaka ikuje kwako ikiwa simba. Kumbe ni wewe inauma."

Vita njema! Hapo ndipo nikamwelewa yule mkubwa wa uwanja wa ndege. Ningekuwa na nguvu ningecheka, maana daktari usiku na mchana anatafuta namna ya kuipoza damu ile, na ndugu yangu alikuwa jikoni kwa Amma anainoa. Lakini uso wake haukuwa wa kuchekwa. Alikuwa amejihukumu. Amma baadaye alinieleza kwa ishara kwamba hakugusa chakula siku hizo.

"Nenda umwambie daktari," nikamwambia.

"Atanifunga."

"Wafula, nenda."

Niliwaona kwa kioo. Wafula anaeleza kwa mikono, anatetemeka kumwonyesha morani, daktari anamsikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Akaomba kuona gome, akalinusa, akaliweka mbali. Kisha akamshika bega. Wafula alirudi kwa simu, anapumua kama aliyekimbia.

"Amesema si supu. Ati hata ningekunywa maji tu, zingeamka. Inatokea hata kwa watu hawajui morani ni nini. Lakini ameapa nikikuletea wewe hata harufu yake, ananirudisha Kajiado kwa miguu. Inaweza kupigana na dawa yako."

Daktari aliongeza dawa ya kutuliza, na kidonge kingine kinachoziba njia ya pili ya ishara, kwa sababu ya kwanza peke yake ilikuwa imelemewa. Kisha tukangoja. Nimengoja mambo mengi maishani, sijawahi kungoja kama vile. Kila asubuhi daktari alitazama viganja vyangu, nami nikimtazama yeye usoni.

Wafula hakuwa na kazi ya kufanya, na yeye bila kazi hukonda. Basi akaanza kuongea na damu yake. Nawaambia kweli. Alisimama pale kioo, simu sikioni, akaniambia niweke simu yangu kifuani, akaisemesha kwa Kibukusu. Kiswahili, alisema, haitakielewa vizuri, ni damu ya Bungoma. Akaiambia itulie. Akaiambia huyu ni Nekesa, ndiye alitubeba mgongoni kuvuka mto siku ya mafuriko, ndiye alimficha Wafula nyuma ya ghala wakati baba anamtafuta na kiboko, ndiye aliuza sweta lake tupate kalamu. Mengine mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau. Wauguzi walipita wakidhani anasali. Nilizoea kulala usingizi simu iko kifuani, na sauti ile inanijulisha kwa damu yangu mpya kama mtu anayemtambulisha mgeni kanisani.

Uwekundu ulianza kurudi nyuma kutoka masikioni. Kisha kifua. Viganja vikabambuka ngozi, ikaja nyingine laini kama ya mtoto. Daktari hakusema ni muujiza, alisema dawa imefanya kazi, na mimi namwamini. Lakini siku nilipotoka, alimwuliza Wafula alikuwa anaiambia nini.

KITENGELA TENA

Siku ya kuondoka Amma alimfungia Wafula unga wa zile chapati, akamwekea tone la rangi nyekundu kwenye paji la uso. Wafula alipanda nalo ndege, akashuka nalo Nairobi, na akakataa kunawa mpaka Naserian alione.

Yaliyofuata mliyaona ninyi wenyewe. Mlikuja kunipokea na mikono imenyooshwa, nami nikarudi nyuma. Najua iliwauma. Mlileta maziwa lala, supu ya mitishamba, asali, unga wa mlonge, vyote vya kupandisha kinga, na Baba Sharon akavipokea kwa shukrani na akavinywa mwenyewe. Ndiyo maana amenenepa. Simu yangu ililia kanisani saa ya dawa, wakageuka watu, na kuna aliyenong'ona kwamba Mwalimu ana ule ugonjwa mwingine, anaficha. Nilimsikia. Nimemsamehe, lakini nilimsikia.

Kilichokuwa kinaninyima raha hakikuwa hayo. Daktari wa Nairobi alikuwa ameanza kupunguza dawa. Kila akipunguza kidogo, mimi nalala nikiwa na hofu na naamka nikijipapasa. Kamba ilikuwa inafunguliwa. Wafula alipiga simu kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, swali moja: "Imeamka?" Nasema haijaamka. Anakata. Mara nyingine nilitamani aendelee kuongea, nikakumbuka kile kioo, na nikajiona mjinga kutamani kioo.

Kidonge cha mwisho nilikimeza nikiwa nimesimama jikoni. Wiki zikapita bila kitu. Kisha daktari akanipima kila mahali, akanitazama ngozi, akasoma vipimo vya ini, akavua miwani. "Mwalimu, imekukubali."

KAJIADO TENA

Sikupiga simu. Nilitoka hospitalini moja kwa moja mpaka barabara ya Namanga. Huo ulikuwa ujinga, maana Wafula aliponiona nashuka bila taarifa, na Baba Sharon kando yangu amenyamaza, alidhani ninaleta habari mbaya. Alisimama katikati ya boma lake. Hakunisogelea.

"Imeamka?"

"Imekubali, Wafula. Sina dawa tena. Imekubali kabisa."

Akakaa chini. Hapo hapo kwenye mavi ya mbuzi, mtu mzima, na suruali ya soko. Naserian akapiga kelele ndani, Koko akatoka ameshika ukuta, anauliza ni nani amekufa. Wakamweleza. Akaomba aletwe mahali niliposimama.

Nilijua anachotaka. Koko hubariki jinsi walivyobariki mama zake. Anakutemea mate kichwani na viganjani, anakuombea kwa Enkai, Mungu wake. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo nyumbani kwake. Na mimi daktari alikuwa amenionya asubuhi ile ile. Damu imekubali, lakini kinga yangu ni ya mtoto mchanga, hata chanjo za watoto ndiyo kwanza narudia. Nikabaki nimesimama. Kukataa mate ya Koko ni kumtukana, kuyapokea ni kuhatarisha yote.

Wafula aliinuka. Alikuja akapiga magoti kati yangu na Koko, akainamisha kichwa.

"Koko, nitemee mimi."

"Wewe nilishakubariki siku ya kuondoka. Kaa kando."

"Hiyo ilikuwa yangu. Hii ni yake. Koko, damu iko ndani yake ni yangu, ukitafuta yake hutaipata. Nitemee mimi, itamfikia."

Koko alifikiri. Alinyoosha mkono akanipapasa uso, kisha akampapasa Wafula, pua, mashavu, kama anayelinganisha. Akacheka kidogo. Akatema kwenye kichwa cha ndugu yangu, akatema viganjani mwake, akaanza kuomba. Kila alipotua, sisi tuliitikia, "Naai." Aliomba nizae matunda ya uzee, nione wajukuu, nyasi zisikauke nilipo. Baba Sharon aliitikia kwa sauti kuliko wote, na machozi yanamtiririka.

Alipomaliza, Wafula alibaki amepiga magoti, paji la uso limelowa. Akageuza shingo akanitazama, macho makubwa kama yale niliyokuwa nikiyaona juu ya bega langu nilipokuwa nambeba.

"Dada," akaniuliza kwa Kibukusu, "imefika?"

Nikaweka mkono kifuani.

"Imefika."